Jaketi la Kafa Ulaya

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu, sikuota, na pombe niliiacha tangu tumbo liliponigomea. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho, hilo nakiri, lakini la kulia linatunga uzi kwenye sindano mpaka leo bila miwani. Hilo ndilo lililomwona.

Na wala haukuwa usiku. Watu wanapenda kusema mambo haya ni ya usiku wa manane, paka analia, upepo unavuma. Mimi yalinikuta saa kumi alasiri, jua linachoma, wanawake wanakaanga samaki ng'ambo ya barabara na redio ya kinyozi inapiga kelele. Ungekuwa usiku ningesema labda macho. Sasa mchana nitasingizia nini?

Mimi ni fundi cherehani. Baraza yangu iko Kirumba, kwenye barabara inayoshuka mwaloni, kule dagaa wanakoshushwa. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda inyooshe mwenyewe. Mke wangu alishatangulia, na watoto hatukujaliwa. Jirani yangu pale barazani ni Bi Zuhura, mama wa mjini hasa, babu yake Mmanyema, bibi yake Mwarabu, mdomo wake sijui kautoa wapi. Anauza mitumba. Wazee wenzangu mnakumbuka zamani mitumba tuliiitaje: kafa Ulaya. Tuliamini kila shati lina maiti yake, kwamba mzungu amekufa huko na ndugu zake wamefungasha kabati. Vijana wa leo neno hilo hawalijui sana, lakini Bi Zuhura alilifanya wimbo wa biashara. Unamsikia tangu asubuhi: "Kafa Ulaya, kafa Ulaya! Kafa yeye, vaa wewe! Marehemu alikuwa msafi, hakuwa na jasho!" Watu wanacheka, wananunua. Hata mimi nilikuwa nacheka.

Basi siku moja kafungua belo la majaketi, akaniita.

"Fundi, acha hiyo suruali, njoo uone mzigo wa kiume."

Lilikuwa jaketi la ngozi ya kahawia, zito kama mtoto aliyelala. Shingoni lina manyoya ya kondoo, nusu yameliwa na nondo. Zipu ya shaba. Kifuani kulikuwa na kipande cha ngozi kimechorwa mnyama, sijui chui, sijui paka mkubwa, ana mabawa na meno yote nje, anaruka. Juu yake mabawa mengine mawili yamedariziwa kwa uzi wa rangi ya fedha. Begani beji. Nikaligeuza ndani. Mgongoni, juu ya bitana, kulikuwa na kitambaa cha hariri kikubwa kama leso, kina bendera juu, na chini yake maandishi ya kusimama, kila herufi kama kijumba kidogo chenye milango mingi.

"Hili la rubani," nikamwambia. "Rubani wa vita, tena vya zamani sana."

"Rubani hayupo, mimi nipo. Nitakamatwa nalo?"

Unajua nchi yetu. Raia ukivaa kitu chenye sura ya jeshi unajitafutia maneno. Mafundi wote wa mitumba tunaijua kazi hiyo: nguo ikija ina nyota, ina mabawa, ina kamba begani, unafumua kwanza ndipo inapanda mezani. Tumefumua majeshi ya dunia nzima sisi, na hatujui hata moja lilipigana na nani.

"Toa alama zote, Fundi," akasema. "Libaki jaketi tu. Nina mtu wa bodaboda analitaka, atalivaa kinyumenyume limkinge upepo kifua."

Nikachukua wembe. Beji ikatoka, yule mnyama akatoka, mabawa yakatoka. Nilipofika kwenye kile cha hariri nikasimama kidogo. Zile nyingine zilishonwa kwa mashine. Hiki kilishonwa kwa mkono. Mshono mdogo mdogo, umebanana pande zote nne, kila pembe fundo mara mbili. Si mshono wa fundi. Ni mshono wa mtu anayeogopa, aliyeshona huku akijisemea kitu hiki kisije kikatoka. Nilikaa nao muda. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa kazi ya mshono wa namna ile, na sikuushona. Hilo nitalifikia, usinikimbize.

Nikafumua. Halafu, kwa kuwa sikutaka kukutwa na vitu vya kijeshi kwenye kopo langu la vifungo, nikavitupa vyote kwenye jiko ninalowashia mkaa wa pasi.

Hapo ndipo alipotokea Juma kuchukua suruali zake. Juma ni Mchina. Alikuja na ujenzi wa daraja la Kigongo, fundi wa vyuma, jina lake la kwao lilitushinda tukampa la kwetu, naye akalizoea. Kiswahili anakijua kutushinda, hata matusi. Alichungulia jikoni, akapiga ukelele, akatia vidole kwenye moto. Kweli kabisa, vidole vitupu. Akakitoa kile cha hariri. Kilikuwa kimeshaungua robo tatu.

"Nani kachoma hiki?"

"Mimi. Ni alama ya jeshi, Juma."

"Si alama, Fundi. Ni barua."

"Barua ya nani?"

Akakitandaza juu ya paja, akakipulizia majivu. Akasema babu yake aliwahi kumweleza habari zake. Kwamba kulikuwa na vita kwao, na vijana wa kizungu walikuja kwa kujitolea, kurusha ndege kuwasaidia. Walikuwa hawajui lugha ya kule. Sasa ndege ikianguka, mwanakijiji atajuaje kama huyu ni mwema au ni adui? Ndiyo maana wakashonewa barua mgongoni. Juma aliisoma ile iliyobaki na nyingine akaijazia kwa kichwa: mgeni huyu ametoka mbali kuja kutusaidia, ukimkuta mfiche, mlishe, mrudishe kwao.

"Sasa mwenyewe atarudi vipi?" akaniuliza.

"Juma, mwenyewe si alishakufa zamani?"

Alikikunja kile kipande, akaniwekea juu ya cherehani kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe kitu, akachukua suruali zake akaondoka. Wala hakuzikagua.

Nadhani unaona nimeanza kuhangaika. Acha nikuambie sababu, maana bila hiyo hutanielewa.

Mimi ni Doto. Yaani tulizaliwa wawili, kwetu Misungwi, na kwetu Wasukuma wa kwanza anaitwa Kulwa, wa pili Doto. Sura moja, sauti moja. Mama alikuwa akitutofautisha kwa kutupapasa kisogo. Vita vya Kagera vilipokuja wakataka watu wa kujitolea, Kulwa akajiandikisha, na mimi nikajiandikisha nyuma yake kwa sababu wasichana walikuwa wanatazama. Huo ndio ukweli wenyewe. Siku za kuondoka zikakaribia, Kulwa anaimba, mimi siwezi kumeza chakula. Usiku wa mwisho nikajilaza, nikasema nina malaria. Nilikuwa mzima kama wewe.

Sasa Mama, yeye si msomi, lakini sijui nani alimwelekeza. Alikata kipande cha kitambaa cha marekani nyeupe, akamwendea mwalimu, naye akamwandikia kwa wino usiofutika: HUYU NI KULWA MTOTO WA SHIJA WA MISUNGWI. ATAKAYEMWONA AMRUDISHE KWA MAMA YAKE. Akanipa mimi pamoja na sindano, kwa kuwa nilikuwa najifunza ufundi. Akasema nikishone ndani ya shati la kaka yangu, mgongoni, pande nne, fundo mara mbili kila pembe.

Shati la Kulwa lilikuwa mwilini mwake. Ili nilishone ilibidi nimwendee, nimwambie vua, nimtazame usoni mimi niliyejilaza kwa malaria ya uongo. Sikuweza. Nikakiweka kitambaa mfukoni nikasema nitashona alfajiri. Alfajiri nikasikia gari, nikajifunika shuka hadi kichwani. Kulwa akaja mlangoni akaniambia, "Doto, pona haraka, utanikuta mbele." Akaenda. Kitambaa mfukoni mwangu.

Hakurudi. Hata taarifa ya kueleweka hatukupata, wengine walisema alionekana ng'ambo ya mto, wengine hivi, wengine vile. Na Mama akakataa matanga. Kila mwaka wazee wanamwambia tumlilie mtoto yaishe, yeye anasema, "Ataletwa. Si ana kitambaa? Doto alikishona." Ananigeukia. "Si ulikishona?" Nasema nilikishona, Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Miaka arobaini na ushee nasema nilikishona. Alipopofuka macho kwa uzee bado akawa anauliza, na mimi bado nasema. Kitambaa kiko kwenye droo ya cherehani yangu, ndani ya kopo la vifungo.

Umeelewa sasa kwa nini maneno ya Juma yalinikosesha usingizi.

Kesho yake alasiri ziwa likaanza kutoa moshi. Mgeni wa Mwanza anaweza kudhani meli inaungua. Ni wadudu, wale wadogo wa ziwani, wanapanda kutoka majini nguzo kwa nguzo hadi mawinguni. Nguzo moja ikaja kutua mwaloni, barabara ya chini yote ikawa nyeusi, watu wakajifunika nyuso. Katika ule weusi akatoka mzungu kijana, anapanda polepole kuja kwangu. Hakujifunika. Wala wadudu hawakumgusa.

Miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu hivi. Shati jepesi, kichwa wazi, nywele zimelowa. Mwanza hapa tumezoea wazungu vijana, wanakuja kujitolea kwenye shule na vituo vya watoto, kwa hiyo sikushtuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu kiti. Umekuja kujitolea?"

"Ndiyo," akasema. "Nilijitolea."

Nikamuuliza shule gani, akatikisa kichwa. Na hapo Bi Zuhura alikuwa ameshaona mteja.

"Mzungu, karibu! Kafa Ulaya, kafa Ulaya! Kafa yeye, vaa wewe!"

Akamgeukia. Hakukasirika. Akasema taratibu, "Sikufia Ulaya, mama."

"Heee!" Bi Zuhura akapiga makofi. "Kumbe lugha unayo! Umefia wapi sasa, Kirumba?"

"Majini," akasema. "Lakini si haya."

Bi Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Alidhani mzungu anajua utani. Mimi nilikuwa nimeinama naokota chaki, nikaona sakafu chini ya kiti chake. Maji. Yanachuruzika kutoka kwenye suruali yake, yanafuata ufa wa saruji, na juu ya maji mafuta yanang'aa rangi rangi kama yanavyong'aa pale boti zinapotengenezewa. Harufu ilikuwa ya petroli.

Utaniuliza alikuwa anaongea lugha gani. Haki ya Mungu sijui. Nilimwelewa yote, na Bi Zuhura naye alimwelewa. Lakini nikijaribu kuyakumbuka maneno yenyewe, yanateleza.

Akatazama ukutani. Jaketi lilikuwa kwenye msumari, Bi Zuhura alikuwa bado hajalichukua. Akainuka, akaligeuza ndani, akapapasa mgongoni ile sehemu niliyofumua, bitana imebaki na alama ya mraba, matundu ya sindano yamezunguka pande nne. Alipapasa kama mtu aliyeingia chumbani kwake usiku, anatafuta mtu kitandani, kitanda kitupu.

"Kiko wapi?" akaniuliza.

Nikampa kile kipande kilichoungua. Akakitazama, kikameguka mkononi mwake, majivu yakalowa.

Akakaa tena, akaniambia. Aliongea kidogo tu. Siku ile palikuwa na joto, akaliacha jaketi kwenye kiti, akajua atarudi kabla ya chakula. Ndege yake ikapigwa, akaanguka kwenye maji. Akajikokota hadi ufukweni. Watu wakaja na majembe. Akawaonyesha mgongo. Unaelewa? Akawageuzia mgongo wasome, na mgongo ulikuwa mtupu. "Hawakuwa wabaya," akasema. "Waliogopa, wakanisukuma tena majini. Wangesoma wangenificha." Jaketi likarudishwa kwa mama yake, likakaa kabatini. Tangu hapo analifuata. Kutoka kabati hadi kabati, mama akafa, watoto wa ndugu wakafa, likatiwa kwenye gunia, likapanda meli. Barua ile ndiyo pekee inayosema yeye ni nani na apelekwe wapi.

"Nani atanipokea sasa, mzee?"

Hapo ndipo lilipoingia akilini. Huyu ananiita mzee. Amenipa shikamoo na mimi nikaitika marahaba, nikakaa sawa kitini kama mkubwa, na kumbe alizaliwa kabla ya baba yangu! Na marahaba si mchezo, wewe unajua. Ukiipokea shikamoo ya mtu umekubali kuwa mkubwa wake, na akikuletea shida huwezi kusema haikuhusu. Nilikuwa nimeshaitika.

Nilitaka kitu kimoja tu, aondoke. Sikumwonea huruma, nisikudanganye, huruma ilikuja baadaye. Nikavuta droo, nikafungua kopo la vifungo, nikatoa kile kipande cha marekani.

"Chukua hiki," nikasema. "Na chenyewe ni barua."

"Kinasemaje?"

Nikamsomea, kidole kinafuata herufi. Atakayemwona amrudishe kwa mama yake.

"Huyo mama yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na mwenye kitambaa?"

Sasa nisikilize. Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ningerudishiwa ni hiyo. Siyo hata ile ya shuka.

"Mwenye kitambaa hakihitaji tena," nikamjibu.

Kisha akavaa jaketi, akakitia kitambaa ndani mgongoni, akapandisha barabara kuelekea mjini. Kutoka mjini ndiyo njia hiyo hiyo ya Misungwi.

Bi Zuhura akaja mbio. "Fundi, umemuuzia jaketi langu bila kuniambia? Halafu huyo mtu mbona mgongoni anavuja maji?" Akaiona sakafu yangu. Akanusa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinyamaza kabla ya magharibi.

Asubuhi simu ikalia. Neema, binti wa marehemu dada yangu, ndiye anayekaa na Mama kijijini.

"Mjomba, shikamoo. Bibi anasema ana mgeni."

"Mgeni gani?"

"Simwoni mtu, mjomba. Lakini kuna jaketi kwenye msumari wa mlangoni, na kigoda cha bibi kimelowa chapa. Nimekianika mara mbili, kinalowa tena. Naogopa. Njoo."

Nikaenda. Mama nilimkuta uani amekaa mkekani, mbele yake sahani mbili za ugali na mlenda, moja imeguswa, nyingine haijaguswa. Kigoda kimesogezwa karibu naye. Udongo chini yake tope. Tuliongea Kisukuma, mimi nakuandikia kwa Kiswahili.

"Mayu, shikamoo."

"Kaa."

Hakuitika marahaba. Akachomoa kitambaa kwenye pindo la kitenge chake, akaanza kukipitisha kidole gumba kwenye kingo, taratibu, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kila akifika kwenye pembe anasita, anabonyeza.

"Nilikupa hiki na sindano," akasema. "Nikakuambia pande nne, fundo mara mbili. Matundu yako wapi?"

Fundi wa miaka arobaini mimi. Nimefumua nguo za dunia nzima, naliona tundu la sindano kwa jicho moja. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kitambaa kile kilikuwa kinanisema chenyewe, pale kwenye droo, hakijapigwa sindano.

"Mayu, uzi ulioza."

"Uzi unaoza. Tundu linabaki."

Neema akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Doto. Kulwa alikwenda bila kitu?"

Sijui nguvu ya kusema uongo ilikwenda wapi, ilikuwa imenitosha miaka yote ile. Nikasema, "Alikwenda bila kitu."

Mama hakulia. Ningeomba alie. Alikaa vile mpaka jua likahama kutoka mkekani. Kisha akageuka upande wa kigoda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Neema, mletee mgeni maji ya kunawa."

"Mayu," nikamwambia, "huyo siye Kulwa."

"Najua siye. Nilimpapasa kisogo alipoingia. Huyu ni mtoto wa mtu." Akaisogeza ile sahani isiyoguswa karibu na kigoda. "Wa kwangu kama kuna mama aliyemwekea sahani, sijui. Nilidhani walisoma. Miaka yote nilidhani kuna mtu alisoma."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Mama aliyoniambia mimi. Hakufa siku hiyo, hapana. Aliishi mpaka mvua za vuli, na mimi nilikwenda kila Jumapili. Alikuwa anaongea na Neema, anaongea na kuku, anaongea na kigoda. Na mimi hakuongea. Nikiingia anageuza uso kama mtu aliyepigwa na upepo. Neema anasema usiku alikuwa anamwimbia mgeni zile nyimbo za mapacha alizotuimbia sisi, anaimba sehemu ya Kulwa, akifika sehemu ya Doto anairuka.

Asubuhi aliyokufa, kigoda kilikuwa kikavu. Jaketi halikuwepo msumarini. Ngumi yake ya kulia walishindwa kuifungua waoshaji, wakaiacha, nami najua ndani kulikuwa na nini. Yule kijana alifika. Alikuja kutafuta mama akampata, na alipoondoka hakuondoka peke yake. Nasema heri yake, na nasema kwa moyo, maana hakunidhulumu kitu. Mimi ndiye niliyempa.

Lakini wa kwetu je? Njia ya Kulwa ilikuwa moja, ile iliyoandikwa. Mimi nimeifunga mara mbili, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa woga ule ule nikiwa mzee. Na sasa hata akifika hakuna wa kumpapasa kisogo.

Na anafika. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Kila ziwa linapotoa wadudu, saa kumi hivi, nikiwa barazani nasikia hodi. Inatoka nyuma ya mgongo wangu, na ni sauti yangu mimi, ya ujana, ile ya kabla meno hayajang'oka. "Hodi." Naitika karibu. "Hodi." Naitika tena karibu, ndugu yangu, pita. Watu wanaona mzee anaongea peke yake. Hajawahi kupita. Nadhani anasubiri sauti nyingine imwitikie, na hiyo haipo tena.

Bi Zuhura kahamisha meza yake, yuko karibu na kinyozi. Wimbo wake wa kafa Ulaya kauacha kabisa, siku hizi anasema "Grade one, grade one," basi. Juma alipita mara moja, akaniuliza kama nimewahi kumwona mwenye barua. Nikamwambia amefika nyumbani. Akafurahi sana. Sikumweleza nyumbani kwa nani.

Wewe unayesoma, ukinunua nguo ya mtumba igeuze kwanza, papasa bitana, na ukikuta kitu kimeshonwa kwa mkono usikiguse kwa wembe mpaka umejua kinasema nini. Usipokee shikamoo ya mtu usiyeujua umri wake. Na ukipewa kitambaa na sindano na mtu anayekungoja, shona. Shona hapo hapo, hata kama mikono inatetemeka, hata kama utaonekana uso. Usiseme alfajiri.

Juzi nilikata kipande cha marekani nikaanza kujiandikia changu, nikivae mgongoni, maana mimi nami siku yoyote naweza kudondoka barabarani. Nikaandika HUYU NI DOTO MTOTO WA SHIJA WA MISUNGWI. ATAKAYEMWONA AMRUDISHE KWA. Nikafika hapo. Kipande bado kiko juu ya cherehani, na wino umekauka.